Mirlène Anasubiri Kupokelewa

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Jakmèl, kusini mwa Haiti, na Ketlie alikuwa amesimama kando ya kikaango cha Sò Titine akingoja akra zake, kachori za magimbi, Renold alipotokea mbio mbio, shati limemganda mgongoni.

"Fundi, njoo nyumbani. Mashine ya shangazi imegoma."

"Imegomaje?"

"Haizimiki. Haifunguki. Inakwaruza tu tangu mchana."

Sò Titine akageuza akra kwenye mafuta. "Ketlie we, kila mwanamume anayekutafuta jioni shida yake kompyuta. Wa kuleta posa atakuja lini?"

"Bado anachajiwa, mama. Akijaa nitakuletea habari."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Renold hakucheka. Alikuwa ameshageuka, anapanda mtaa, na Ketlie akamfuata na akra zake za moto ndani ya karatasi, zinamchoma vidole, moyo nao unamchoma kwa namna yake.

Maana kosa lilikuwa la kwake.

Wiki moja nyuma aliweka toleo la majaribio la mfumo mpya kwenye seva ya Madan Anselme, shangazi wa Renold. Mfumo wa zamani ulikuwa hauelewani na betri mpya za sola. Yeye Ketlie alikuwa mmoja wa wale wanaojitolea kujaribu mifumo kabla haijakomaa, na jambo hilo lilimpa fahari. Akaweka. Hakutengeneza nakala. Fundi wa miaka sita, na hakutengeneza nakala.

Na ndani ya seva ile alikuwamo Mirlène.

Mirlène, binti pekee wa Madan Anselme, aliyesoma darasa moja na Ketlie, dawati moja, kompyuta moja ya kugawana. Aliijenga seva ile kwa mikono yake kabla ya kuondoka kwenda Chile. Picha zake za miaka saba zilikuwa humo. Jumbe zake zote za sauti za njiani zilikuwa humo. Miaka mitatu iliyopita aliondoka Chile na binamu yake Renold, wakapanda kaskazini, wakaingia kwenye lile pori la mpakani ambalo wahamiaji hulivuka kwa miguu. Renold alitoka.

Mirlène hakutoka.

*

Chumba cha seva kilikuwa cha Mirlène mwenyewe. Kitanda kimetandikwa. Mto umepigwa ukanyooka. Seva ilikaa chini ya dirisha, boksi jeusi lenye ukubwa wa debe, taa yake ya kijani ikipepesa.

Ilikuwa inakwaruza.

Kra... kra... kra...

Ketlie alizijua sauti za diski. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa na mwendo: kuvuta, kupumzika, kuvuta. Kama mtu anayefagia uwanja kwa fagio la njukuti, polepole, bila haraka ya kumaliza.

"Unasikia harufu?" Madan Anselme aliuliza kutoka kwenye kiti chake kando ya kitanda. Alikuwa na tableti mapajani. Alikuwa nayo mapajani siku zote.

Ketlie akavuta pumzi. Tope. Tope la mtoni, lenye majani yaliyooza. Na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Vumbi limeungua ndani ya feni," alisema, ingawa hakuamini.

Akaunganisha kompyuta yake mpakato. Betri za sola zilikuwa zimebaki asilimia thelathini na moja. Diski hazikuwa zimepumzika mchana kutwa, zilikuwa zinazinyonya betri. Zikiisha, seva itazimika ghafla, na mfumo huu mchanga, ambao ulikuwa umeshabadilisha namna diski zinavyohifadhi vitu, huenda usiamke tena. Miaka saba. Sauti zote.

Akajaribu kuanza kunakili. Seva ikakataa: hakuna nafasi ya kazi mpya. Akajaribu kuizima kwa utaratibu. Ikakataa pia.

Akafungua orodha ya kazi zinazoendelea ndani yake.

Skrini ikajaa jina moja.

mirlene. mirlene. mirlene. mirlene.

Na mbele ya kila jina, herufi ile ambayo mafundi wa dunia nzima wanaijua. Zedi. Zombi. Neno walilolichukua Haiti bila hata kubisha mlango, wakaibandika nalo kila programu iliyokwisha kufa na bado imo kwenye orodha ya walio hai.

Msukule.

"Ngapi?" Renold aliuliza nyuma yake. Ketlie hakumsikia akiingia.

"Elfu tatu na kitu." Akateremsha orodha. Chini kabisa, moja tu iliyo hai, mzazi wao wote. Mirlène alikuwa ameipa jina mwenyewe, mama kwa Krioli.

manman.

"Sasa nimeelewa," Ketlie alisema, na kweli alielewa, angalau nusu. "Madan Anselme, Mirlène alikutengenezea kitufe kwenye tableti, sivyo? Akituma sauti, unabonyeza."

"Kimeandikwa *Pokea*."

"Kuna sauti hukuipokea."

Kra... kra... Nje mbwa alibweka mara moja, akanyamaza kama aliyezibwa mdomo.

"Ilifika saa kumi jioni," Madan Anselme alisema hatimaye. "Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema ngoja ninawe mikono. Saa kumi na mbili Renold akapiga simu. Akasema homa ilimshika, akalala kando ya mto, hakuamka." Aliipapasa tableti kwa kidole gumba. "Nikaacha. Nikijua kuna neno moja hajaniambia, basi bado ana kitu cha kuniambia. Unanielewa, mwanangu? Nikibonyeza, ndiyo basi."

Kumbe hivyo. Kila seva ilipowashwa, manman alimzaa mirlene alete ule ujumbe. Mirlene akaja, akangoja, akafa mlangoni. Mfumo wa zamani ulikuwa unawafagia wafu wake kimyakimya. Mfumo mpya ulikuwa na kasoro: ulijaribu tena na tena, na haukumfagia hata mmoja.

Yalikuwa maelezo mazuri. Ya kifundi. Ila msukule wa ndani ya mashine hafanyi kazi yoyote. Hagusi diski. Hana pumzi ya kusogeza hata herufi.

Sasa nani anafagia?

Betri, asilimia ishirini na mbili.

"Waue," Renold alisema. Alinong'ona, lakini alinong'ona kwa nguvu.

"Msukule hauawi, Renold. Umuue mara ngapi? Unamuua mzazi wake. Mzazi akifa, namba moja, ile programu ya kwanza kabisa kwenye mashine, inawachukua yatima wote na kuwazika. Mara moja."

"Basi muue mzazi."

"Namba moja inazika bila kuuliza. Ujumbe unapotea humo humo."

"Ujumbe wa maiti!" Alijifuta midomo. "Shangazi hajala tangu asubuhi kwa ajili ya kelele hiyo. Okoa picha. Bonyeza, Ketlie."

Ishirini na moja. Ketlie akamtazama Madan Anselme. Mama yule aliinama juu ya tableti, asimtazame. Na picha zilikuwa elfu kumi na moja.

Akaandika amri. Kuua. Manman. Kidole kikakaribia kitufe cha mwisho.

Madan Anselme akakohoa.

Kikohozi kidogo. Kisha kikubwa. Kisha hakuna sauti kabisa, mkono kooni, macho yametoka, mdomo wazi kama wa samaki kwenye beseni.

"Shangazi!"

Ketlie akafuta amri. Herufi kwa herufi. Na kwa kila herufi iliyofutika, hewa ikarudi kifuani mwa mama yule kidogo kidogo, kwa mluzi mwembamba.

"Nimepaliwa tu na mate," alisema, akijipangusa machozi. "Uzee."

Ketlie akaitazama betri.

Asilimia kumi na tisa. Renold akaja karibu, akainama hadi sikioni mwa Ketlie. Alinuka jasho la mtu aliyekaa muda mrefu kwenye foleni ya polisi. "Ni bahati mbaya. Jaribu tena."

"Jaribu wewe."

Renold akanyoosha mkono kwenye kibodi. Akaandika herufi mbili tu. Kwenye kiti, kikohozi kikaanza. Aliendelea ya tatu. Ketlie akaukamata mkono wake, akautupa pembeni, akafuta.

"Wewe! Humwoni?"

"Nilikuwa... sikuwa naangalia huko."

Wakatazamana. Kra... kra... kra... Fagio lilikuwa limeongeza mwendo. Harufu ya tope ilikuwa nzito sasa, unaweza kuitafuna.

Ketlie akapiga magoti mbele ya kiti. "Madan Anselme. Nikueleze kitu cha kazi yangu. Programu ikifa, mashine inafuta kila kitu chake. Kumbukumbu yake, nafasi yake, kila kitu. Inabakiza jina na tarakimu moja tu. Unajua kwa nini inabakizwa? Si kwa ubaya. Si kwa kulaaniwa. Inabaki ili mzazi wake aje amuulize swali moja tu."

"Swali gani?"

"Umekufaje?"

Mama yule akafumba macho.

"Hilo tu ndilo analongoja. Akiulizwa, akajibu, anaondoka."

"Miaka mitatu," Madan Anselme alisema. "Miaka mitatu nimemsimamisha mtoto mlangoni."

"Shangazi, usijitese," Renold alisema. "Nilikwambia alivyokufa. Mimi ndiye niliyekuwepo."

"Wewe uliniambia, ndiyo." Alifungua macho. "Sikumuuliza yeye."

Asilimia kumi na moja.

Akaivaa miwani. Akajinyoosha kitini kama mtu anayepigwa picha. Akamwita kwa majina yote, yale ya ubatizo ambayo mtaa mzima ulikuwa umeyasahau. "Marie Mirlène Anselme. Mwanangu. Mikono nimeshanawa. Umekufaje?"

Akabonyeza *Pokea*.



Fagio likakatika katikati ya mvuto. Kwenye skrini ya Ketlie orodha ikaanza kuporomoka, elfu tatu, mia tisa, arobaini, saba... moja... hakuna. Taa ya kijani ikatulia. Diski zikapoa, moja baada ya nyingine, kwa pumzi ndefu.

Seva ikaanza kunakili yenyewe picha elfu kumi na moja kwenye diski ya Ketlie, haraka, bila kinyongo.

Kwenye tableti hapakuwa na sauti. Faili lilikuwa tupu, sekunde sifuri. Palikuwa na mstari mmoja tu.

*Imepokelewa. Ameondoka kwa: 9.*

"Tisa ni nini?" Madan Anselme aliuliza.

Ketlie alilijua jibu kabla swali halijaisha. Kila fundi analijua. Akamwona Renold mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, rangi imemtoka.

"Sifuri," Ketlie alisema taratibu, "ni programu iliyomaliza kazi yake ikafa kifo chake. Homa, usingizi, tuseme hivyo. Tisa..."

"Tisa?"

"Tisa ni iliyouawa."

Renold akaiachia fremu.

"Mashine ya majaribio hiyo," Renold akasema. Alijaribu kucheka. "Imeharibika, shangazi. Ketlie mwenyewe kasema ina kasoro. Si umesema? Sema."

Ketlie akafungua kinywa. Lakini Madan Anselme alikuwa amesimama. Aliiweka tableti kitandani, juu ya mto, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Akamkaribia mpwa wake na kumgusa shavu.

"Twende jikoni, Renold. Nikupikie kahawa. Unisimulie tena, toka mwanzo. Safari hii nitasikiliza vizuri." Kisha, bila kugeuka: "Asante, Ketlie mwanangu. Nenda nyumbani, giza linaingia."

Sauti yake ilikuwa laini mno.

*

Ketlie alikuwa ameshafunga geti nyuma yake ndipo sentensi ile ikamjia, ile aliyokuwa amefungua kinywa kuisema.

Tisa ina maana mbili.

Mashine ikielemewa, ikikosa nafasi, yenyewe huchagua programu moja na kuiua ili zilizobaki ziishi. Nayo huandika tisa. Misukule elfu tatu ilikuwa imeijaza seva hadi kooni. Huenda tisa ile ilikuwa ya leo mchana, ya kosa la toleo lake, ya uzembe wake. Huenda haikuwa na habari yoyote ya pori, wala mto, wala Renold. Na ndani, jikoni, palikuwa na mama mwenye maji ya moto, na mwanaume ambaye labda, labda tu, alikuwa amesema kweli siku zote.

Akageuka. Akashika komeo la geti. Ilimlazimu aseme. Mtu haachi sentensi kama hiyo nje.

"Onè!" akabisha, kama anavyobisha mgeni yeyote.

Jikoni taa ilikuwa inawaka. Aliona vivuli viwili ukutani, kimoja kimeketi, kimoja kimesimama. Hakuna kilichogeuka. Hakuna kilichomsikia.

Akabisha tena, kwa nguvu. "Onè!"

"Respè," akajibiwa, kama mwenye nyumba anavyomjibu mgeni.

Si kutoka jikoni. Dirisha la chumbani lilikuwa giza, na jibu lilitokea humo, chini kidogo, karibu na boksi jeusi. Sauti ya msichana. Imekauka, kama ya mtu aliyetembea mwendo mrefu. Ketlie alikuwa ameketi dawati moja na sauti ile miaka minne.

Alingoja iseme kingine. Iseme ndiyo. Iseme hapana. Iseme ingia.

Jikoni kijiko kiligonga kikombe, mara moja, mara mbili, kikakoroga.

Ketlie akaliachia komeo, akashuka mtaa, sentensi yake bado kinywani.