Jogoo Anarudi Mezani

Kaeni chini. Aliyemkalia mwenzake ashuke. Mwenye kiu akanywe maji sasa hivi, maana nikianza sisimami.

Huyu ni Mkunde. Ni mjukuu wangu. Ana miaka minane, na meno mawili ya mbele hana.

Mkunde ana ulemavu wa akili. Maana yake, jambo huchukua muda kuingia kichwani mwake. Si mafua, hauambukizi. Msisogee pembeni.

Kufunga vifungo alijifunza mwaka mzima. Lakini akishajua jambo, hasahau. Mimi vifungo nafunga haraka, ila miwani yangu sijui iko wapi.

Watu wakimwuliza, "Mkunde, mbona taratibu hivyo?" yeye hujibu:

"Kichwa polepole, miguu mbio."

Tunakaa Upare, huku juu mlimani, kwenye migomba na ukungu. Na Mkunde ana jogoo. Jogoo anaitwa Bosi, kwa sababu anatembea kama mtu mwenye ofisi.

Kila asubuhi, kokorikoo. Bosi anashuka kwenye kiota. Mkunde anashuka kitandani.

Bosi anakimbia. Tapu tapu tapu.

Mkunde anamfuata. Tapu tapu tapu.

Wanazunguka nyumba. Wanapita zizini. Wanakanyaga maharage yangu.

"Mkunde, mwache huyo jogoo apumzike."

"Ni mazoezi, Bibi."

Kweli, yalikuwa mazoezi. Mkunde yumo kwenye timu ya Miguu Myepesi. Wapo watoto, na wapo watu wazima wenye ndevu. Wote wana ulemavu wa akili, na wote wanapenda kukimbia kuliko kuoga.

Kocha wao ni Mwalimu Naetwe. Ana filimbi, na ana sauti ambayo haihitaji filimbi.

Siku moja Mwalimu Naetwe alikuja kwangu. Akakaa. Hakugusa hata chai.

"Bibi, mashindano ni Jumamosi ijayo, kule mjini bondeni. Timu iko tayari. Gari la kutushusha hatuna."

Mkunde alisikia. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Bila gari, sikimbii?"

"Bila gari, hukimbii," nikasema. Mimi sidanganyi watoto. Wanakumbuka.

"Basi tufanye mnada," akasema Mwalimu Naetwe.

Mnada wetu si mgumu. Kila mtu analeta kitu mezani. Mwingine anakinunua. Hela inaingia kwenye kapu. Halafu mnunuzi anasema, "Rudisha mezani," na kitu kile kile kinauzwa tena. Yai moja linaweza kununuliwa na kijiji kizima.

Jumapili tukaenda uwanjani. Mimi nilileta boga. Mkunde alileta Bosi.

"Mkunde, ukimtoa, umemtoa," nikamwambia. "Utamfukuza nani asubuhi? Mimi?"

Mkunde akanitazama miguu. Akaona haifai.

"Anarudi mezani, Bibi. Kikinunuliwa, kinarudi mezani."

Mwalimu Naetwe akainua boga langu. "Boga hili. Nani anaongeza? Nani anaongeza?"

Jirani akanunua. "Rudisha mezani," akasema.

Fundi baiskeli akanunua. "Rudisha mezani."

Liliuzwa mara nne lile boga. Halikuwa hata zuri.

Kisha Mwalimu akamwinua Bosi. "Jogoo huyu. Nani anaongeza? Nani anaongeza?"

Akasimama Bwana Shija. Huyu ni mgeni wetu, mwenye duka jipya la mbao. Ana tumbo mbele na kofia juu. Akataja bei kubwa. Hakuna aliyeongeza.

"Ameuzwa," akasema Mwalimu Naetwe.

Bwana Shija akalipa. Akambana Bosi kwapani. Akageuka. Akaanza kwenda zake.

Jamani. Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo.

Mkunde akamfuata. Tapu, tapu, tapu.

"Babu, jogoo anarudi mezani."

"Nimelipa, mjukuu wangu," akasema Bwana Shija. "Huyu ni supu."

Mkunde akafikiri. Supu anaijua.

"Jogoo anarudi mezani," akasema tena.

Nikaenda. Mtu akikosea, aambiwe.

"Bwana Shija, hapa hatuondoki na kitu. Tunakirudisha kiuzwe tena."

"Mama, mimi nimekulia kwenye mnada wa ng'ombe. Ukinunua ng'ombe, unaondoka na ng'ombe. Nani anamrudisha?"

Hapo nikamwelewa. Hakuwa mchoyo. Alikuwa na mnada wa kwao.

"Na hii hela ni ya nini hasa?" akauliza.

"Ya gari. Hawa wanakwenda kukimbia mashindano."

Bwana Shija akamtazama Mkunde, na vifungo vyake, na pengo lake. "Huyu? Anakimbia?"

Kabla sijajibu, Bosi alijibu.

Alimdonoa Bwana Shija kidole. Do.

"Mama yangu wee."

Mkono ukafunguka. Papatu papatu papatu. Bosi huyoo, katikati ya uwanja.

"Mkamateni," wakasema watu, na watu wakakimbia.

Fundi baiskeli akaruka. Akakamata majani.

Jirani akaruka. Akamkamata fundi baiskeli.

Bwana Shija akakimbia hatua sita, akasimama kutafuta pumzi yake. Kofia ikaendelea na safari peke yake.

Mkunde alikuwa bado amesimama, anafikiri. Mimi nilimwona. Kichwa polepole.

Halafu akaondoka.

Tapu tapu tapu. Akawapita wenye ndevu. Tapu tapu tapu. Akampita Mwalimu Naetwe. Bosi akakata kulia. Mkunde alishajua kwamba Bosi hukata kulia. Bosi akarudi kushoto. Hilo pia alilijua. Asubuhi zote zile, mnadhani alikuwa anachezea maharage yangu bure?

Akanyoosha mikono. Papatu. Akamshika.

Bosi akatulia.

Sasa sikilizeni hapa. Mkunde alikuwa na jogoo wake mikononi. Njia ya nyumbani ilikuwa wazi. Kwa miguu ile, nani angemfikia?

Lakini hakwenda nyumbani.

Bwana Shija akanyoosha mikono apewe supu yake. Mkunde akampita. Akaenda hadi mezani. Akamweka Bosi kando ya boga langu, akamshikilia vizuri.

"Jogoo anarudi mezani," akasema. Mara ya tatu, kwa wasiosikia.

Bwana Shija akaiokota kofia yake. Akaipangusa vumbi. Alichukua muda. Kichwa polepole, na yeye.

"Mwalimu," akauliza, "kitu kimoja kinauzwa mara ngapi?"

"Mpaka watu wachoke," akasema Mwalimu Naetwe.

"Mimi sijachoka. Naongeza."

Akamnunua. "Rudisha mezani."

Jirani akamnunua. "Rudisha mezani."

Wenye ndevu wakachangishana sarafu zao, wakamnunua. "Rudisha mezani." Hao walisema kwa sauti kuliko wote.

Mwisho Bwana Shija akamnunua tena. Kapu likawa limejaa. Gari likawa limepatikana. Watu wakawa wamechoka.

"Sasa ni wako," akasema Mwalimu Naetwe. "Mpeleke kwenye supu."

Bwana Shija akamtazama Bosi. Akatazama kidole chake.

"Huyu kwa mbio zile, nyama yake ni kamba tupu. Nitaichemsha mpaka Krismasi." Akamweka Bosi mikononi mwa Mkunde. "Shika, mjukuu wangu. Mazoezi yaendelee."

Mkunde hakusema asante. Alishaanza mbio na Bosi. Nilimrudisha akaseme.

Jumamosi tukashuka mjini kwa gari, timu nzima. Mimi nilikaa dirishani, kwa sababu mimi ni mzee na nilisukumana.

Filimbi ikalia. Priii. Mkunde akafikiri kidogo, kisha akaondoka. Tapu tapu tapu.

Akawa wa tatu.

Akaja kwangu na utepe shingoni, anahema.

"Wa tatu," nikasema. "Wawili wamekupitaje?"

Mkunde akafikiri.

"Mbele hakukuwa na jogoo, Bibi."

Hilo lilikuwa jibu zuri.

Usiku nilikwenda kumfunika. Alikuwa amelala na viatu, na utepe shingoni. Chini ya kitanda kulikuwa na manyoya. Nikainama.

Bosi alikuwa pale, jicho moja wazi.

"Wewe," nikamwambia, "kesho kimbia zaidi."

Basi. Bosi amelala, Mkunde amelala. Yule pale nyuma anajifanya amelala, namwona. Zimeni taa.