Fundi Barafu na Nyama ya Mama Mkwe

Mtaani kwao walimwita Fundi Barafu. Friji lolote lililogoma, yeye alilipigisha magoti. Alifanya kazi kwenye kibanda kando ya nyumba yake, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Mimi na baridi ni ndugu wa tumbo moja," alipenda kujisifu.

Wiki hiyo mama mkwe wake alikuja kuwatembelea. Fundi alijaza nyama kwenye friji, mkwe asije akasema binti yake ameolewa kwenye njaa.

Kesho yake upepo mkali uliangusha nguzo za umeme.

"Utarudi jioni," Fundi alisema.

Jioni haukurudi, wala siku ya pili. Pampu ikanyamaza, tangi la maji likabaki na tope. Simu zikazima. Kila saa Fundi alifungua friji, akapapasa nyama, akafunga.

Siku ya tatu mkewe aliinusa nyama akakunja uso. "Baba watoto, hii tuitupe."

"Tuitupe, mkwe akiona? Mimi ndiye fundi wa mafriji hapa. Chagua vipande vizuri, uvichemshe sana. Moto unaua kila kitu."

Mkewe aliguna, lakini alipika kwa maji ya mwisho yaliyobaki. Nyama ilitengwa kwa mgeni peke yake. Wenyeji walikula maharage. Fundi alimpakulia mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe. "Karibu, mama. Jisikie uko kwako."

Kabla jua halijazama, mama mkwe alikuwa ameshika ukuta wa choo, anatapika na kuharisha. Fundi alisimama nje ya mlango na ndoo tupu. Maji ya kumnawisha hayakuwepo. Ndani alimsikia akimnong'oneza binti yake, "Mwambie mumeo asogee. Asinione hivi." Fundi akasogea, kichwa chini.

Mkewe alikimbia kumwita muuguzi, jirani yao wa nyumba ya pili. Muuguzi alifika na tochi mkononi.

"Bibi amekula nini?"

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. "Nyama. Ilikuwa kwenye friji tangu umeme ukatike."

"Nani aliyesema inafaa kuliwa?"

"Mimi."

Muuguzi hakumkaripia. Alitoa pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini. "Changanya hii na lita moja ya maji safi ya kunywa. Anywe kidogo kidogo. Akishindwa kunywa, akilegea, au akiharisha damu, tunampeleka hospitali bila kungoja. Haya, leteni maji."

Maji hayakuwepo hata ya kikombe kimoja.

Fundi alichukua jagi akatoka kubisha hodi mlango kwa mlango. Wawili wa kwanza hawakuwa nayo. Wa tatu alikuwa mteja wake. "Fundi Barafu, hata wewe umekwama?" akacheka.

"Nicheke kesho, ndugu yangu," Fundi alisema, uso unamwaka moto. "Leo nisaidie maji. Nina mgonjwa."

Mteja akaacha kucheka, akajaza jagi.

Kulipopambazuka, kutapika kulikoma. Fundi alimkuta muuguzi barazani. "Mbona nyama ilichemshwa sana?"

"Moto unaua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuiacha inaweza kubaki. Umeme ukikatika, friji likifungwa vizuri linahifadhi ubaridi kama saa nne tu. Sehemu ya kugandisha, ikijaa, inafika siku mbili. Wewe ulikuwa unafungua kila saa, ukiukaribisha joto ndani. Na nyama haipimwi kwa pua. Ukiitilia shaka, itupe."

Fundi aliyajua mafriji skrubu kwa skrubu. Hili hakulijua, wala hakuwahi kuuliza.

Alikwenda kupiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Niliogopa aibu, nikakulisha ugonjwa."

Mama mkwe alimtazama, akageukia ukutani. Afadhali angemtukana. Alipopata nguvu, aliaga akaenda zake.

Baada ya hapo Fundi alipunguza maneno, akaongeza shughuli. Alinunua madumu yenye vifuniko, akayaosha, akayajaza maji ya kunywa, na kila mara aliyabadilisha. Aliweka tochi na betri mahali ambapo hata asiyeona angezipapasa. Mkewe alitenga nafaka, maharage na pakiti za ile dawa. Chupa za maji zikajaa sehemu ya kugandisha. Jiko la mkaa likapewa kona yake uani, kwa kuwa muuguzi aliwaonya: moshi wake ndani ya nyumba unaua watu wakiwa usingizini.

Mvua zilipokuja, nguzo zilianguka tena. Safari hii pia giza lilimkuta mama mkwe hapohapo. Alikuwa amerudi kumwona mjukuu mchanga. Friji halikufunguliwa ovyo. Maji yalikuwepo ya kunywa, ya kupikia, na ya kumwogesha mtoto. Majirani walikuja na majagi, na hakuna aliyerudishwa.

Siku ya tatu, chakula kilipoandaliwa, mama mkwe aliitazama sahani yake bila kuigusa. Fundi aliliona hilo, na aibu yote ikamrudia kifuani. Akavuta sahani ile kwake, akala tonge la kwanza mbele ya wote.

"Ni maharage ya leo, mama. Yametoka kwenye gunia, hayakupita kwenye friji."

Mama mkwe alingoja ameze. Kisha akairudisha sahani mbele yake, akaanza kula taratibu. Alipomaliza, alimnyooshea Fundi sahani tupu.

"Niongeze, mwanangu."

Fundi akainuka upesi kwenda jikoni, wasimwone machozi.