Nusu ya Mbonimpa

Jioni ile mke wangu Kemigisha aliniagiza jambo moja tu: nianue kahawa kabla umande haujashuka. Maturubai mawili, nyuma ya nyumba, pale migomba yetu inapoishia na makaburi ya kwetu yanapoanzia. Kazi ya dakika kumi. Mimi niliifanya ya nusu saa, maana nina kitambi kinachotaka kupewa taarifa kabla sijainama.

Hapa Igurwa wananijua. Privatus, mshereheshaji, miaka hamsini kasoro miwili, niliyesomea kabisa kuchekesha watu jukwaani. Nimechekesha harusi, nimechekesha kipaimara, nimechekesha hata mkutano wa ushirika uliokuwa umenuna. Kitu kimoja tu kinanishinda. Msiba. Nikiona watu wanabeba nyasi kupeleka nyumba iliyofiwa, miguu yangu inapata safari ya ghafla. Wenzangu hudhani ni utani. Naogopa kufa kama mbuzi anavyoogopa mvua.

Nilikuwa nimeshakunja turubai la kwanza nilipoisikia harufu.

Nyasi. Zile zinazotandikwa sakafuni kwenye msiba, watu wakazilalia siku nne mfululizo... mpaka zikaanza kuoza kwa chini.

Nikainua kichwa. Mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa turubai la pili, amenipa mgongo. Koti lake jeusi lilikuwa limelowa chepechepe. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikamsalimu. Nikamtania kwamba kahawa yangu ni ya kuuza, si ya kukalia. Kimya. Sikushtuka sana, nimewahi kuchekesha watu wa Kihanga wasiojibu utani, kwa hiyo nimezoea.

Ndipo akanong'ona, bila kugeuka.

"Kaka... kwako mgeni hapewi hata kahawa ya kutafuna?"

Sauti ya Mbonimpa.

Mbonimpa tuliyekuwa tumemzika kijijini kwake Kamuli, wiki tatu zilizopita. Nasema tumemzika. Walimzika wao. Mimi sikwenda.

Hapo lazima nieleze. Mbonimpa alikuwa mtoto wa Warundi waliokuja kulima huku zamani. Tulipofika miaka ishirini tulifanya omukago, udugu wa damu wa mababu. Unachukua tunda la kahawa, unalipasua, ndani unakuta punje mbili zimelala zimekumbatiana. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anaipaka damu yake punje moja, mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo ninyi ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Mmoja akiugua, mwingine anakuja. Mmoja akifa, mwingine analala kwenye nyasi karibu na kichwa cha maiti, na udongo wa kwanza ni wake. Ukikwepa, wazee walisema, ile punje inaamka tumboni.

Padre alipojua alitugombeza mpaka mate yakamkauka. Sisi tulicheka. Tulikuwa tumefanya nusu kwa mzaha, na nusu iliyobaki ilikuwa pombe ya ndizi.

Mwaka huu Mbonimpa akaugua ini. Miezi miwili aliniita. Mkewe Umutesi alinipigia simu mara nyingi, nami kila mara nilikuwa na barabara mbovu, au harusi, au mgongo. Siku ya mazishi nilisema niko Mwanza kwenye shughuli. Nilikuwa chumbani kwangu, chini ya blanketi, simu nimeizima.

Sasa sauti yake ilikuwa imeketi juu ya kahawa yangu.

Yule mtu akanyoosha mkono kwa nyuma, kiganja wazi. Katikati ya kiganja palikuwa na punje moja ya kahawa. Mbichi. Nyekundu, na wekundu ule haukuwa wa ganda.

"Nimekuja na nusu yangu," akanong'ona. "Yako iko wapi?"

Nilikimbia. Kitambi na vyote. Kemigisha akatoka na tochi, tukarudi pamoja, hatukuona mtu. Ila pale alipoketi, kahawa iliyokauka siku tisa juani ilikuwa imelowa, na kila punje ilikuwa imeota mzizi mdogo, mweupe, kama jino la mtoto.

Tumbo likaanza usiku uleule. Kitu kilijigeuza ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia. Hospitali walinipiga picha, hawakuona kitu. Daktari alinishauri nipunguze pombe.

Jioni ya pili alikuja tena. Hatua kumi karibu zaidi.

Jioni ya tatu, alikuwa ameketi kwenye kigogo cha jikoni, hatua chache tu kutoka mlangoni. Saa ileile, jua likishazama na taa hazijawashwa. Mimi peke yangu ndiye niliyemwona. Lakini kuku waliingia bandani kabla ya wakati wao, na hakuna aliyewafukuza.

Niliona hesabu hiyo inaelekea wapi. Jioni ya nne angekuwa ndani.

Asubuhi nikapanda pikipiki kwenda kwa mganga mmoja huko milimani. Sitamtaja, na kijiji chake sitakitaja. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliyekufa amekuja kumchukua mwenzake, na hawezi kuondoka mikono mitupu. Nimpe mwingine. Awe wa damu yangu, apokee kutoka mkononi mwangu, atafune leo kabla ya giza. Akanifungia punje tatu za kahawa kwenye jani kavu la mgomba.

Nikauliza kama mtu huyo anapaswa kuambiwa.

"Akiambiwa," akasema, "nani atatafuna?"

Njiani nikaanza kuchagua. Naandika haya kwa aibu, lakini nayaandika. Nilifikia jina la mwanangu, nikalivuka haraka. Nikafikia la dada yangu, nikalivuka. Nikatua kwa shangazi yangu Benadeta, dada wa baba, tunayeishi naye nyumba moja. Ana miaka themanini na moja. Macho yameingia ukungu. Amekula chumvi ya kutosha, nikajiambia. Nikafika mahali pa kuona kama ninamfanyia hisani.

Nilimkuta kibarazani, rozari mkononi. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima. Nikapiga magoti kama ilivyo desturi, nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo shangazi. Nimekuletea kahawa ya kutafuna."

"Marahaba. Wewe? Tangu lini?"

Akaipokea. Akaisogeza puani. Vidole vyake vikasimama; kahawa za waganga alizijua kwa harufu tangu utotoni.

"Privatus," akasema polepole, "nani ametaka nife badala yake?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza nani amemaliza maziwa. Mimi, ambaye nimewachezea watu mia tano jukwaani, nilishindwa kumdanganya bibi mmoja. Kisha yakanitoka yote. Omukago, simu, blanketi, mtu wa koti, mganga. Nililia mpaka kamasi.

Nilingoja anilaani. Kwetu shangazi akikulaani, hata mbwa wako anahama.

Alishusha pumzi tu.

"Ungeniambia, mwanangu. Mimi nilikwisha kuzikwa siku niliyobatizwa. Yesu aliingia kaburini akatoka, na mkono wangu ameushika. Huyo wa nje atanipeleka wapi ambako Yesu hajafika?"

Akapeleka kahawa mdomoni.

Nimekaa jukwaani miaka ishirini na tano. Mtu anayeigiza ushujaa namjua hata gizani, humsikia koo likimeza mate. Shangazi hakuwa anaigiza. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kahawa na anaitafuna. Basi.

Nikamshika mkono.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilizitoa zile punje vidoleni mwake moja moja, nikaingia jikoni, nikazitupa motoni. Zikapasuka. Jiko zima likanuka nywele zilizoungua, na tumbo langu likakaza kama ngoma.

Nje, kuku wakanyamaza.

Harufu ya nyasi ikaingia.

"Amekuja," nikasema.

"Basi kaketi naye. Si ndicho alichokuwa anakuitia?"

"Nitakufa, shangazi."

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Huenda," akasema. "Nenda hivyohivyo. Hutakuwa peke yako."

Akaanza kusali rozari yake, kwa sauti ya kawaida, kama jioni nyingine yoyote.

Alikuwa kizingitini. Mgongo uleule, koti lilelile, maji yakidondoka kwenye simenti. Tone... tone... Nilitafuta sala nilizofundishwa, zote zikanikimbia kama maneno ya mchezo siku ya kwanza jukwaani. Nilibaki na chache nilizozitunga mwenyewe. Bwana Yesu, naogopa. Usiniache. Kama ni leo, nipokee.

Nikaketi kando yake. Bega kwa bega. Baridi ilipita kwenye shati ikaingia mfupani.

"Mbonimpa, ndugu yangu," nikanong'ona. "Sikuwa Mwanza. Nilikuwa chini ya blanketi. Niliogopa kukutazama ukifa. Nisamehe."

Tone... tone...

Kila kiungo kilinidai nisimame. Sikusimama. Kitu ndani ya tumbo kilijigeuza mara moja, kizito, nikajua kama ni kufa ndiyo hivi, na kwa mara ya kwanza maishani sikutafuta mlango. Niliogopa bado. Lakini hofu ilikuwa imeketi upande mmoja, na upande wa pili alikuwepo Mwingine, ambaye sikumwona, na ambaye hakuwa baridi.

Kisha mtu wa koti akageuza uso.

Haikuwa sura ya Mbonimpa.

Niliijua sura ile. Akili ilikataa kuitaja.

Ikanitazama, kwa muda mrefu. Nami nikaitazama. Ndani ya nyumba Kemigisha akawasha taa, mwanga ukamwagika kizingitini, na nilikuwa nimeketi na simenti iliyolowa.

Sikufa, kama unavyoona. Tumbo lilitulia. Sisemi limepona. Limetulia.

Asubuhi nikaenda Kamuli. Umutesi alinipokea vizuri, akanipa kiti, nikakikataa. Nilipiga magoti nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba mume wake aliniita nikamkwepa, kwamba sikuja hata kumzika, na kwamba naomba radhi kwake na kwa marehemu.

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Shemeji, mbona unasema hivyo? Ulikuja."

Nikamwambia sikuja.

"Ulikuja," akarudia, sasa kwa kunong'ona. Akanieleza kwamba nilifika kabla jeneza halijateremshwa, nimevaa koti jeusi. Kwamba nilitupa udongo wa kwanza. Kwamba nililala kwenye nyasi siku zote nne, sikula, sikunywa, sikutania mtu, na watu walisema kumbe Privatus alimpenda kweli rafiki yake. Nilipompa mkono wa pole, mkono wangu ulikuwa wa baridi sana. Siku ya mwisho aliniuliza naelekea wapi. Nikamjibu kwamba naenda Igurwa, kumfuata aliyebaki.

Hapo akili ikaacha kukataa. Sura iliyonigeukia kizingitini ni ile ninayoinyoa ndevu kila asubuhi.

Umutesi akarudi nyuma hatua moja. Akaniuliza kama yule hakuwa mimi, basi nyumba yake ililaza nani. Pikipiki ilikuwa nje, ningeweza kuwa barabarani kabla hajamaliza kuuliza.

Nikafanya ishara ya msalaba, taratibu, bila kuharakisha hata kidole. Nikamwomba anionyeshe mahali alipokuwa amelala yule mtu. Akaninyooshea ukutani, kona ambayo tangu msiba hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyeketi.

Nikavua viatu, nikaenda, nikaketi.

Ubavuni mwangu mtu nisiyemwona, mwenye baridi ileile, akasogea kidogo, kunipisha.