Nani Anafungua Lango la Kaskazini?

Kila alasiri basi la shule lilipomshusha Lorna Vavra kwenye kona ya barabara ya kokoto, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutupia jicho lango la malisho ya kaskazini. Likiwa limefungwa, alitembea polepole hadi nyumbani. Likiwa wazi, alitupa begi kwenye majani na kukimbia.

Msimu ule wa vuli alikimbia mara nyingi. Mitamba wao, ng'ombe majike ambao hawajazaa bado, walikuwa wakitoka na kuzurura barabarani, na asubuhi moja yenye ukungu, mmoja wao aligongwa na lori la mahindi. Mtamba hakupona.

"Lango halijifungui lenyewe," alisema Babu Emil siku hiyo, akiisukuma kando sahani ya mayai. "Kuna mtu. Na mimi namjua."

"Baba, usianze," alisema Jolene, mama yake Lorna.

Babu hakuhitaji kutaja jina. Jirani yao wa pekee upande ule alikuwa Orrin Haskell, na wazee hao wawili hawakuwa wakizungumza tangu fahali wa Haskell alipovunja seng'enge na kuingia kwenye ng'ombe wa Babu. Wakipishana barabarani, kila mmoja aliinua kidole kimoja juu ya usukani, kisha kila mtu na njia yake.

Mama alinunua kamera za nje, zile za rangi ya magome ya miti ambazo wawindaji hufunga mitini, akazifunga kwenye nguzo za uzio. Chochote kilichopita mbele yake, kamera ilikipiga picha. Kazi ya Lorna ilikuwa kukusanya kadi za kamera na kuzichomeka kwenye kompyuta ya jikoni. Siku ya kwanza picha zilimwagika kama mahindi kwenye gunia lililopasuka: majani yakipeperushwa na upepo, kunguru, kulungu, ng'ombe, mkia wa ng'ombe, ng'ombe tena. Babu alijitolea kuzitazama zote, akasinzia kabla kahawa yake haijapoa.

"Hatutafika hivi," alisema Mama. "Lorna, wewe kompyuta unaiweza kuliko sisi. Tafuta programu ya kupanga hizi picha. Jaribu mbili hivi, uniambie tuchukue ipi. Lakini soma maelezo yake kwanza, mwanangu. Nataka kujua inavyofanya kazi kabla sijaiamini."

Lorna alipata mbili. Ya kwanza iliitwa Ghala. Ilikuwa na sura mbaya, ya kijivu, na haikufanya maajabu yoyote: ilihifadhi kila picha, ikaipanga kwa kamera na kwa saa, na kukuachia wewe kazi ya kutazama. Ya pili iliitwa Mlinzi. Hiyo ilikuwa na rangi za kuvutia, na ukiilisha picha zako ilizichambua yenyewe, ikakuonyesha chache tu zenye mtu au gari, kila uso umezungushiwa duara jekundu.

"Mimi nataka hii ya kijivu," alisema Babu, akiinama juu ya bega lake. "Nataka kuona kila kitu."

"Babu! Unataka kutazama kunguru mpaka Krismasi?"

"Kunguru nao wana macho."

"Wana macho lakini hawafungui malango," Lorna alimjibu, na Mama akacheka.

Kisha Mama akauliza, "Umesoma maelezo yake lakini? Inachaguaje? Zile isizokuonyesha inazipeleka wapi?"

Maelezo ya Mlinzi yalikuwa marefu, yenye maandishi madogo. Lorna alikuwa ameyapitisha mbio kwa kidole hadi chini na kubonyeza "Nakubali". Alitaka kazi iishe akapande farasi.

"Nimesoma," alisema. "Zenye wanyama na zisizo na kitu inaziweka pembeni tu. Haina shida."

Mama akaridhika, wakachukua Mlinzi.

Haikupita wiki, Mlinzi akatoa jibu. Kwenye kioo ilitokea pikapu ya buluu iliyobonyea ubavuni, na kando yake mzee mwenye kofia pana, mkono wake juu ya lango la kaskazini. Duara jekundu lilimzunguka usoni. Ilikuwa ni alfajiri. Siku chache baadaye alitokea tena, mkono palepale.

"Nilisema nini?" Babu aligonga meza hadi vijiko vikaruka. "Nilisema nini mimi? Orrin Haskell, bila hata haya!"

Mama aliinamia picha. "Ameshika lango. Sioni kama anafungua au anafunga."

"Afunge lango langu kwa mapenzi gani?"

"Sijui. Ndiyo maana tutanyamaza kwanza. Lorna, umenisikia? Neno hili lisitoke humu jikoni."

Lakini shaka ikishamwingia mtu haikai kimya. Lorna alianza kumwona Bwana Haskell kila mahali, na kila alichofanya kilikuwa na maana ya pili. Alipopunguza mwendo akipita mbele ya malisho yao, Lorna alijua anachunguza. Jumapili, baada ya ibada, alipowanong'oneza wanaume wengine kando ya magari, Lorna alijua wanasemwa wao. Na siku walipokutana naye kwenye duka la vyakula vya mifugo, naye akainamia kaunta na kuuliza, "Ng'ombe wenu hawajambo, binti?", Lorna alihisi damu ikimpanda. Anatucheka, aliwaza. Anamuua mtamba wetu halafu anauliza hali.

"Hawajambo," alijibu kwa ukali, akageuka.

Lililokuwa gumu zaidi ni Roxie. Roxie Haskell, mjukuu wa mzee huyo, alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Lorna aliacha kukaa naye kwenye basi. Alijibu kwa kichwa tu, au asijibu kabisa. Roxie alivumilia siku kadhaa, kisha asubuhi moja akasimama mbele yake huku basi likiyumba.

"We Lorna, nimekukosea nini? Sema basi!"

"Sina la kusema."

"Umenuna wiki nzima kama paka aliyemwagiwa maji, halafu huna la kusema?"

Waliokaa kiti cha nyuma wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfungua Lorna mdomo.

"Kamuulize babu yako anafanya nini kwenye lango letu alfajiri! Tunazo picha! Yeye ndiye anayetoa ng'ombe wetu barabarani!"

Uso wa Roxie ulibadilika taratibu, kama mtu aliyepigwa kofi na bado hajaamini.

"Babu yangu hawezi kufanya hivyo," alisema kwa sauti ndogo. Akaenda kukaa mbele kabisa, karibu na dereva. Nyuma yake minong'ono ikaanza kutembea kutoka kiti hadi kiti.

Alasiri hiyohiyo pikapu ya buluu iliingia uani kwa akina Vavra. Bwana Haskell alishuka na kuvua kofia; Roxie alibaki karibu na mlango wa gari, macho mekundu.

"Jolene," alisema mzee. "Miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kuitwa mhalifu. Leo nimeitwa hivyo kwenye basi la shule, mbele ya mjukuu wangu. Nionyeshe hizo picha."

Mama alimgeukia Lorna. Lorna alitamani ardhi immeze.

Waliingia jikoni wote. Babu alisimama kwenye kona, mikono kifuani. Bwana Haskell aliitazama ile picha, kisha akaitazama ya pili, akashusha pumzi.

"Hapo nafunga," alisema. "Nakwenda kuangalia pampu yangu ya maji, nakuta lango lenu limeachama. Nikikuta ng'ombe hawajafika mbali, nawarudisha. Siku mlizolikuta wazi ni siku ambazo sikupita."

"Na hukuweza kutuambia?" Babu alifoka.

"Nilikupigia simu, Emil. Mara mbili. Ulisikia sauti yangu ukakata."

Mama alimgeukia Babu. "Ni kweli, Baba?"

"Nilidhani anataka kuzungumzia fahali," alinung'unika Babu.

Bwana Haskell aliisogelea kompyuta. "Nina swali moja tu. Kama kamera inapiga kila kinachopita, picha ya lango likifunguliwa iko wapi? Mbona niko mimi peke yangu?"

Lorna aliligeuza lile swali kichwani. Kwa muda wote huo hakuwa amejiuliza.

"Lorna," alisema Mama, "zile picha zilizowekwa pembeni ziko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Si ulisema umesoma?"

Lorna alitazama sakafu. Angeweza kusema amesahau. Angeweza kusema programu imebadilika. Lakini Roxie alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia, na uongo mwingine ulikataa kutoka.

"Sikusoma," alisema. "Nilidanganya. Nilibonyeza tu ili imalizike haraka."

"Basi keti hapo usome sasa hivi," alisema Mama. "Kwa sauti, sote tusikie."

Lorna alisoma. Mara nyingine aliteleza kwenye maneno magumu, akarudia. Mlinzi, kumbe, alichukua picha zote zenye wanyama, na zile alizoona hazina kitu, akazitia kwenye pipa la taka lililofichwa. Katika zenye watu alibakiza moja tu kwa kila tukio, ile inayoonyesha uso vizuri zaidi. Na pipa hilo lilijisafisha lenyewe kila mwisho wa mwezi.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza Mama.

"Thelathini," alijibu Roxie. "Kesho ndiyo mwisho wa mwezi."

Lorna alifungua pipa, akazirudisha picha zote, akazihamishia kwenye Ghala ili zijipange kwa saa. Mama alileta viti. Walianza kutazama: majani, majani, kunguru, kulungu wawili, ukungu. Bwana Haskell hakuondoa macho hata pale Mama alipompa kikombe cha kahawa. Roxie alisogea kidogo kidogo kutoka mlangoni hadi nyuma ya kiti cha babu yake.

"Simama hapo!" Roxie alisema ghafla. "Rudisha nyuma."

Kwenye kioo palikuwa na farasi. Alikuwa Clyde, farasi mzee wa Babu, aliyekuwa akilishwa pamoja na mitamba. Katika picha ya kwanza alisimama akilitazama lango. Katika ya pili midomo yake ilikuwa juu ya komeo. Katika ya tatu komeo lilikuwa limeinuka, na katika ya nne lango lilikuwa wazi, naye Clyde ametoa kichwa nje. Mitamba wakafuata. Picha nyingi baadaye ikaja pikapu ya buluu, mzee mwenye kofia akawarudisha ng'ombe, akalifunga lango na kulitikisa kuhakikisha limeshika.

Babu alikaa chini taratibu. "Lile komeo la kuinua," alisema. "Nililiweka mimi kiangazi hiki. Mnyororo ulikuwa unaniumiza vidole." Akainua macho. "Orrin, nimekufikiria vibaya."

"Umenifikiria vibaya sana," alisema Bwana Haskell. Kisha akaongeza, "Lakini farasi wako ana akili, hilo nakubali."

Kabla jua halijazama wazee wawili walikuwa kwenye lango, wakifunga mnyororo wenye klipu juu ya komeo na kubishana upande gani ni imara zaidi.

Kesho yake Lorna alisimama katikati ya basi kabla halijaondoka kona ya akina Haskell. "Nilisema jambo kuhusu babu yake Roxie," alisema kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma. "Halikuwa kweli. Alikuwa anatusaidia. Roxie, naomba unisamehe." Roxie aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba amesikia, kisha akaendelea kutazama dirishani.

Jioni, Lorna alimsimulia mama yake huku wakipitia picha za siku hiyo kwenye Ghala, moja baada ya nyingine.

"Nimeomba radhi mbele ya wote, lakini hakunijibu."

"Ulitegemea ajibu papo hapo?" Mama alisogeza kiti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Ile programu haikusema uongo. Ilikuonyesha kipande, wewe ukakifanya ndiyo habari nzima. Uongo ulikuwa neno moja tu, 'nimesoma', nami nikajenga juu yake imani yangu yote. Kabla hujamshtaki mtu, uliza ni kitu gani hujakiona bado. Na ukipewa kazi ya kuangalia, angalia kweli, hata kama inachosha. Roxie yeye mpe muda. Kosa ulilitenda kwa dakika moja, lakini kuaminiwa tena kutakuchukua siku nyingi. Wewe endelea kumsalimia kila asubuhi, ajibu asijibu."

"Nitamsalimia," alisema Lorna, akabonyeza picha iliyofuata.