Mizani na Hedifoni za Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi walijazana mbele ya gazeti la ukutani. Lilikuwa kabati bapa la mbao lenye mlango wa kioo, limepigiliwa kwenye ukuta wa korido karibu na ofisi ya walimu. Ndani yake mlikuwa na habari za michezo, vichekesho, mashairi ya darasa la tano yaliyojaa mwezi na nyota, na kwenye kona ya chini, safu iliyosomwa kuliko zote: "Pima Kabla ya Kununua".

Safu hiyo iliandikwa na msichana wa darasa la saba ambaye hata walimu walikuwa wameacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Mizani. Alikuwa amepima kalamu kwa kuandika nazo mpaka wino ukaisha. Alikuwa amepima viatu vya shule kwa kuvitembeza kwenye madimbwi, na mwavuli kwa kuufungua chini ya bomba mchana kutwa. Alichosema kinafaa kilinunuliwa. Alichosema hakifai kilidoda dukani.

Mwalimu wa gazeti, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikuwa na masharti mawili. La kwanza, ufunguo wa kabati ulikaa kwake. La pili, karatasi ikishaingia haitoki mpaka mwisho wa muhula. Aliyekosea aliandika marekebisho, yakabandikwa pembeni, na kosa likabaki palepale.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alipenda kusema, "lakini unaweza kuweka kibao kwamba sakafu inateleza."

Mizani hakuwahi kuandika marekebisho hata mara moja. Hilo lilimpa fahari.

Alikuwa akiishi na shangazi yake, dada wa baba. Kwa muda mrefu shangazi huyo alifua mashuka ya hoteli moja ya mbali. Alilala hukohuko na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, vidole vikiwa vimechubuka kwa dawa za kufulia. Mwaka huu aliacha kazi hiyo akafungua meza ya vifaa vya simu pembeni mwa mlango wa fundi viatu. Aliuza vifuniko, chaja, na sasa katoni nzima ya hedifoni za bei nafuu, zile ndogo zinazozama ndani ya tundu la sikio na kuliziba kwa kijimpira laini.

"Shangazi, naomba moja nikaipime," Mizani alisema.

"Chukua. Ila usinihurumie."

"Mizani haijui shangazi."

"Haya, mama hakimu!" Shangazi alicheka, akamrushia kiboksi.

Siku ya kubandika ilipofika, Mizani alikuwa bado hajaifungua. Aliichomeka kwenye simu ya shangazi asubuhi, huku akipiga pasi sare, akasikiliza wimbo mmoja. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya redio iliyofunikwa na sufuria. Ngoma hazikusikika, gitaa la besi halikuwapo kabisa. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Besi haikuja, ila masikio yalianza kuvuma. Akaitoa, akaandika mistari mitatu: "Sauti ya bati. Besi hakuna. Usinunue."

Sifa alizopata siku hiyo hazikuwa za kawaida. Wakili, mwanafunzi aliyeitwa hivyo kwa sababu angeweza kubishana hata na ubao, alimpigia makofi mbele ya darasa zima.

"Mnaona? Amemkata shangazi yake mwenyewe! Huyu ndiye Mizani. Wengine wangemwaga asali hapo."

Mizani alitembea siku hiyo kama aliyeongezewa urefu.

Lakini maneno yana miguu. Yalitoka korido, yakafika mtaani. Watoto walipita kwenye meza ya shangazi wakagonga viboksi kwa kucha wakiuliza, "Ndizo zile za bati?" Wazazi waliokuja na watoto wao walivutwa mkono wakaondoka. Katoni ilikaa. Jioni moja, wakila, shangazi alisema kwa sauti ileile ambayo angesemea kwamba chumvi imekwisha:

"Jumamosi nawarudishia wenye duka la jumla mzigo wao. Na meza naiacha. Hoteli wamenipigia, wanataka mfuaji."

"Utalala huko tena?"

"Huko huko. Utakaa na mama wa jirani."

Mizani alikitazama chakula chake. "Shangazi, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa nini? Kama umesikiliza vizuri, umesikiliza vizuri. Bidhaa mbovu haiuzwi kwa machozi." Akainuka, akaanza kukusanya vyombo. "Ukimaliza, nisaidie kukagua vile viboksi. Wasije wakasema tumewapunguzia kitu."

Kukagua ilikuwa kazi rahisi. Fungua, tazama kama hedifoni ipo, kama waya upo, kama kuna kipakiti cha nailoni chini yake, funga. Mizani alikuwa amekagua nusu ya katoni alipojiuliza kipakiti kile kina nini. Alikitupa kando siku ya kupima akidhani ni akiba. Alikifungua. Mlikuwa na mipira ya masikio: mikubwa na midogo. Ile ya kati ilikuwa tayari kwenye hedifoni.

Aliichomoa ya kati, akavalisha midogo, akasukuma hedifoni masikioni. Mara hii hazikuishia mlangoni. Ziliingia, zikaziba. Kelele za mtaa zilikatika. Alisikia pumzi yake mwenyewe, na mate yakishuka kooni. Aliwasha wimbo uleule.

Besi ilikuwapo, na ngoma zilikuwa zikidunda mahali pake, nyuma ya mwimbaji. Sauti ilikuwa nusu tu, na kila kitu kilisikika.

Mipira ya kati ilikuwa mikubwa kwa masikio yake. Haikuziba, besi ikavuja yote. Kosa halikuwa la hedifoni. Alikaa sakafuni, masikio yameziba, akiusikia moyo wake kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani.

Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya gazeti kabla ya wenzake kufika. Maneno yake yalikuwa nyuma ya kioo, na juu ya kioo ulikuwa uso wake. Alijaribu kitasa. Kimefungwa, kama kawaida.

"Unajisoma mwenyewe?" Wakili alikuwa amefika. "Eti ni kweli shangazi yako anafunga meza?"

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima. Pole. Ila sikiliza, ndugu yangu, usije ukageuka sasa. Ukiandika kwamba zile hedifoni zimekuwa nzuri ghafla, hakuna mtu hapa asiyejua kwamba umebanwa. Hata mimi nitasema. Nitasema wa kwanza."

"Na kama sikusikiliza vizuri?"

"Wewe?" Wakili alicheka. "Mizani asisikilize vizuri? Hiyo utamwambia nani?"

Kengele ililia. Somo la kwanza lilipita bila Mizani kusikia neno. Akikaa kimya, shangazi anakwenda kufua. Akisema kweli, kweli hiyo itaonekana uongo, na shangazi ataonekana ndiye aliyeununua. Kila mlango aliousukuma ulifungukia ukuta. Na ukuta wenyewe aliujenga yeye, siku aliyosimama kupigiwa makofi.

Wakati wa mapumziko alikwenda kwa mwalimu wa gazeti. Alisema yote akiwa amesimama, bila kupamba. Mwalimu alivaa miwani yake.

"Ulizipima kwa muda gani?"

"Wimbo mmoja, mwalimu."

"Na mwavuli?"

"Mchana kutwa."

"Kwa nini mwavuli wa mtu usiyemjua ulipata mchana kutwa, na hedifoni za shangazi yako zikapata wimbo mmoja?"

Mizani alianza kusema kwamba alikuwa na haraka. Aliacha katikati. Haraka ilikuwapo, lakini haikuwa jibu.

"Niliogopa," alisema. "Nilipoona ni mbaya, nilifurahi. Niliogopa nikisikiliza zaidi nitaziona nzuri, halafu watasema nampendelea."

Mwalimu alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. "Sasa hapo umepima. Andika hivyohivyo."

"Hawataniamini."

"Kweli, hawataamini. Kwa hiyo usiwaombe wakuamini. Mwavuli uliwaomba wauamini?"

"Uliwekwa chini ya bomba. Kila mtu aliona."

"Basi," mwalimu alisema, akatoa simu yake mkobani. "Nenda ukatafute bomba lako."

Mchana wa siku hiyohiyo, kwenye korido, Mizani alisimama mbele ya darasa lake akiwa na simu ya mwalimu, hedifoni mbili za shangazi, bakuli la maji ya sabuni na kitambaa safi. Minong'ono ilianza kabla hajafungua mdomo.

"Kabanwa! Si nilisema?" Wakili alipaza sauti.

"Wakili, njoo," Mizani alisema. "Sitaki uniamini. Nataka masikio yako."

"Masikio yangu hayanunuliki."

"Ndiyo maana nayataka."

Darasa likacheka, na Wakili hakuwa na njia ila kusogea. Mizani alimfunga macho kwa tai ya shule. Alimvalisha hedifoni ya kwanza, akawasha wimbo.

"Bati," Wakili alisema papo hapo. "Bati tupu. Ongeza sauti. Bado bati."

Mizani aliitoa, akamvalisha ya pili. Wakili alifungua mdomo ili abishe, akaufunga. Kichwa kikaanza kutikisika chenyewe, na bega likafuata. Waliosimama mbele waliangua kicheko.

"Hii ni ya bei gani?" Wakili alipiga kelele, kama watu wote waliozibwa masikio. "Hii siyo ya shangazi yako! Hii ya mwalimu!"

Mizani alimfungua tai, akamwonyesha. Zilikuwa hedifoni mbili za aina moja, kutoka katoni moja. Ya kwanza ilikuwa na mipira ya kati, ya pili na mipira midogo.

Wakili alizigeuzageuza akitafuta alama ya udanganyifu. Akabadilisha mipira kwa mkono wake mwenyewe, akasikiliza tena. Bati lilihama pamoja na mipira. Akazirudisha.

"Sina hoja," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika maneno hayo kinywani mwake.

Wengine walijaribu mmoja mmoja, Mizani akiosha mipira na kuikausha kila baada ya sikio. Msichana mmoja mwenye masikio makubwa alisikia vizuri kwa ile ya kati, na midogo ikamtoka. Mizani aliandika hilo pia.

Marekebisho yake yalibandikwa Ijumaa. Yalisema kwamba hedifoni hizi zinafaa kwa muziki wa kila siku, ikiwa mipira inaziba sikio. Yalisema besi ikikosekana mtu abadilishe mpira, asiongeze sauti, kwa maana sikio likiharibika halina duka. Hayakuficha kasoro: herufi "s" ya mwimbaji huchoma kidogo, na waya ni mwembamba mno pale unapoingia kwenye pini ya kuchomeka simuni. Mwisho yalisema kwa nini mpimaji alikosea. Karatasi ya zamani ilibaki pembeni, na ingebaki mpaka mwisho wa muhula.

Jumamosi katoni haikwenda kokote. Shangazi aliweka kibakuli cha maji ya sabuni kwenye meza, na kila mteja alichaguliwa mpira kwanza kama fundi jirani alivyowapimia watu viatu. Hoteli walipopiga simu tena, aliwaambia watafute mwingine.

Siku ya wazazi alikuja shuleni, akasimama mbele ya kioo. Alisoma karatasi ya kwanza, kisha ya pili, polepole, mikono nyuma. Mizani alisimama kando yake akitamani korido ingekuwa fupi zaidi.

"Nilikwambia usinihurumie," shangazi alisema hatimaye. "Ukaenda ukaniadhibu. Huruma na adhabu, mwanangu, zote ni vidole juu ya mizani. Kimoja kinashusha huku, kingine kule. Mtu wako mpime kama unavyompima mgeni. Na ukikosea, rudi upime tena watu wakiona."

"Nimesikia, shangazi."

Shangazi alisogeza uso karibu na kioo. "Lakini hapa kwenye waya umenionea."

"Nimeukunja na kuukunjua siku nzima. Ulikatika hapohapo kwenye pini."

Shangazi alifikiri.

"Basi hujanionea," alisema.