Marahaba ya Hilda

Kile kidude cha kusomea CD kilikuwa kinazunguka, lakini kompyuta ilikuwa inakikana. Hilda alikisikia kikinguruma chini ya kiganja chake, na bado kwenye kioo hapakutokea kitu. Ndani yake kulikuwa na CD ya kipaimara cha Julius, mtoto wa Efrazia wa kijiji cha Tumati, aliyezama mtoni mwezi uliopita. Mama yake hakuwa na kitu kingine chenye sauti ya mwanawe.

Hilda si mtu wa kushindwa na mashine. Duka lake la kuchapa na kutoa picha, pale Haydom karibu na stendi, limesimama kwa ubishi wake tu. Alibadilisha waya. Akahamia tundu lingine la USB. Akazima kompyuta, akawasha. Akafuta programu ya kukiendesha kile kidude, akaiweka upya. Wapi! Mwisho akachomoa waya kwa hasira, akautupa mezani.

Kidude kikaendelea kuzunguka.

"Shikamoo," sauti ya mtoto ikasema nyuma yake.

"Marahaba," Hilda akaitika bila kugeuka. Nani huacha shikamoo ya mtoto ikining'inia hewani? Alijua ni Marieta, binti yake wa darasa la kwanza, ametoka shule. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu nzito ya tope la mtoni, na papo hapo kompyuta ikalia ule mlio wake wa kupokea kifaa, ilhali waya ulikuwa umelala mezani.

Tangu siku ile nyumba ya Hilda haikutulia. Nyayo mbichi zilitokea sakafuni kila asubuhi, na hazikuwa za Marieta. Ndoo za maji zilikutwa nusu. Marieta akaanza kuamka nywele zimelowa, akikohoa, na daktari alipompima hakuona ugonjwa.

"Mama," mtoto alinong'ona siku moja wakinywa uji, "yule mwingine anasema nimpishe."

"Mwingine yupi?"

"Uliyemwitikia."

Hilda aliogopa mpaka kikombe kikamtoka mkononi. Aliomba, akanyunyiza maji ya baraka kila pembe, akamfunga Marieta rozari shingoni, na kuanzia hapo hakumwacha mtoto nje ya macho yake hata kwa kwenda chooni.

Ndipo Efrazia alipokuja dukani kufuata CD yake.

"Hodi, mama Marieta."

"Karibu, mama Julius."

Efrazia aliingia hatua moja, akasimama. Akanusa. Akamtazama Marieta aliyejikunyata kwenye benchi, maji yakimchuruzika kutoka kwenye ncha za nywele.

"Umekiitikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Kitu gani?"

"Harufu hii naijua. Ni ya pale tulipomtoa Julius. Hiyo CD ilikuwa mfukoni mwake, alikuwa anampelekea bibi yake aione. Mimi niliifuta tope tu, nikakuletea." Alikaa. "Wazee wetu wanasema jini la mto likichukua mtoto linachukua na sauti yake, halafu linatafuta mzazi. Ukiitika, umelipokea. Na lile halikubali kuwa na ndugu, mama Marieta."

"Nifanyeje?" Hilda alilia. "Mama Julius, nifanyeje?"

"Mpaka lipokelewe na mwingine."

Kidude kile, kilichokaa mezani bila waya wala umeme, kikaanza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kwa kasi, na harufu ya tope ikajaa dukani mpaka ikakaba koo, na maji yakaanza kupita chini ya meza yakitokea pasipojulikana, na Marieta akakohoa, akakohoa tena, na safari hii alichotema mkononi kilikuwa maji ya rangi ya udongo, na katikati ya kikohozi chake ile sauti ikaja taratibu, yenye adabu zote.

"Shikamoo, mama."

Efrazia aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Machozi yalipita katikati ya vidole.

"Siyo yeye," alinong'ona. "Sauti ni yake, ila siyo yeye. Julius alinisalimia kwa Kiiraqw tu. Kiswahili alikuwa anakiacha shuleni."

"Shikamoo, mama," sauti ikarudia.

Hilda alifungua kinywa amwambie asiitike. Alilijua neno lenyewe, lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama Marieta, aliyekuwa amebadilika rangi ya midomo. Akafunga kinywa.

"Marahaba, mwanangu," Efrazia akasema.

Kidude kikasimama. Marieta akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa. Hilda alimkumbatia, kisha akaitoa CD, akamnyooshea Efrazia.

"Ya nini tena?" Efrazia alisema.

Nje kulikuwa na manyunyu. Efrazia aliinua upande mmoja wa shuka lake, akaushikilia chini, usawa wa kichwa cha mtoto, akashika njia ya stendi polepole, akiongea Kiiraqw na mtu wa pembeni yake. Hapakuwa na mtu.

Hilda alimshukuru Mungu, na shukrani ile ikamtia aibu. Hakumwita arudi.