Kuna Aliyeitika?

Jua lilikuwa linainama, na Sudi na Numbi walikuwa wamebakiwa na shughuli moja tu: kufika kituo cha treni kabla giza halijaingia, wapakie baiskeli zao, warudi Brussels.

Walikuwa upande wa Ufaransa, si mbali na mpaka. Sudi, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, aliyekuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya mtaa wa Uccle, alipenda baiskeli tangu ujana wake, ila Brussels ilimtia hofu. Reli za tramu zilikwisha kumwangusha zaidi ya mara moja, na magari ya kule humpita mtu yakamgusa kiwiko. Numbi, kinyozi wa Matonge, mtaa wa Waafrika palepale Brussels, mzaliwa wa Lubumbashi, ndiye aliyemwonyesha raha nyingine. Jumapili walikuwa wakipanda treni kwenda kutafuta vijia vya mashambani vya Wafaransa, vile vyembamba vya lami vinavyopita katikati ya malisho, ambako unaweza kukanyaga muda mrefu usikutane na kiumbe ila ng'ombe. Numbi alikuwa akivisaka kwenye simu kila jioni akishafunga duka, mpaka mkewe Gracieuse akawa anamtania kwamba ameoa ramani.

Siku ile simu ilimpa kijia kipya. Kilikatisha mabondeni na kuwapunguzia safari.

"Bon, tupite huku," alisema. "Haina hata motokari moja."

Kweli hakukuwa na gari. Lami ilikuwa nzuri, haina shimo, na miti ya ua ilisimama pande zote mbili kama kuta. Mwanzoni Sudi alifurahi. Baadaye akaona kwamba hata ng'ombe hawapo. Ndege pia walikuwa wamenyamaza. Kilichosikika ni minyororo ya baiskeli tu, na matairi yakinong'ona juu ya lami...

Kisha ikaja harufu. Makaa. Makaa ya jikoni yaliyomwagiwa maji.

Sudi aliijua harufu ile. Ilikuwa ya uani kwao. Akajiuliza ni nani huku Ufaransa anayepikia makaa.

"Numbiii..."

Ilitoka nyuma ya ua, upande wa kushoto. Sauti ya mwanamke, ndefu, ya upole, kama mama anayemwita mwanawe aje kula.

Malaika yalimsimama Sudi mwili mzima. Bibi yake alikuwa amewaonya wakiwa wadogo: ukiitwa wakati wa Magharibi, na anayekuita humwoni, usiitikie. Nyamaza, upite. Alikuwa akidhani mambo hayo yalibaki Bujumbura pamoja na bibi mwenyewe. Akafumbua mdomo amwonye mwenzake.

Alichelewa.

"Eee, mama," Numbi aliitikia kwa Kiswahili cha kwao, kwamba anakuja. "Niko nakuya."

Mama yake Numbi alikuwa amezikwa Lubumbashi miaka mingi iliyopita.

Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyetokeza. Numbi alikanyaga mbele akiwa ameduwaa kidogo, na Sudi akamfuata akisoma Ayatul Kursi kwa midomo iliyokauka. Kijia kilipoishia kwenye barabara kubwa, malori yalikuwa yakipita kama kawaida, na Sudi kwa mara ya kwanza maishani akashukuru kusikia honi.

Kijijini waliingia baa ndogo kuomba maji. Mwenye baa, mama wa makamo aliyeitwa Lucienne, aliwauliza wametokea wapi. Numbi alipomwonyesha kwenye simu, mkono wa mama yule ulisita juu ya bomba. Sudi akamuuliza kama barabara ile ina ubaya gani. Akasema haina ubaya. Ni barabara nzuri, wilaya ilitia lami mpya juzijuzi. Ni vile tu wenyeji hupita ile kubwa. Tangu zamani hupita ile kubwa, hata wanaolima kando yake.

Akawawekea glasi. Kisha akainama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kuna aliyeitika?"

Sudi alimtazama Numbi. Numbi akacheka, akasema wao hawakusikia kitu.

Mama yule hakucheka. Alipokea glasi ya Numbi alipomaliza kunywa, na badala ya kuiosha, akaitupa pipani.

Brussels ilikuwa vile vile, na kwa siku chache Numbi naye alikuwa vile vile. Halafu akaanza kuitika. Akiwa anamnyoa mtu, mashine inanguruma, hunyanyua kichwa na kusema taratibu, "Eee." Mezani, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, "Eee, mama." Gracieuse alimwambia Sudi kwamba usingizini miguu ya mumewe haitulii, hukanyaga hewa chini ya blanketi, na mapaja yamekuwa magumu kama magogo wakati mwili wote unakwisha. Walimpeleka hospitali. Daktari akampima, akasema ni uchovu, akampa vidonge. Padri aliombea nyumba yao ya Laeken chumba kwa chumba. Sudi naye akamleta shehe wake, mtu mpole, ambaye alisoma mpaka akatokwa na jasho. Alipomaliza alimvuta Sudi ngazini, akamwambia kwamba kilichoingia kwa mtu anaweza kukiamuru kitoke, lakini ndani ya huyu hamna kitu. Huyu ameitwa, na amekubali kwa kinywa chake.

"Sasa tufanye nini?" Sudi aliuliza.

Shehe alivaa viatu vyake. Akashuka ngazi.

Jioni moja ya vuli Sudi alikwenda dukani kunyolewa, hasa ili akae karibu na rafiki yake. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Mashine ikasimama juu ya sikio lake.

Harufu ya makaa ikajaa duka.

"Niko nakuya," alisema Numbi. Akaiweka mashine mezani ikiwa bado inanguruma, akachukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akatoka.

Sudi alimkimbilia na shuka la kinyozi likiwa bado shingoni. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini; njia panda ya Porte de Namur ilifurika. Alimfikia kwenye taa, akakamata kiti cha baiskeli kwa mikono miwili, akakita miguu chini. Baiskeli haikusimama. Ilimburuta kama mtoto, viatu vikikwaruza lami, na watu wakapisha wakidhani ni ugomvi wa walevi. Numbi akageuza uso. Alikuwa akilia.

"Unishike, Sudi," alinong'ona. "Miguu si yangu. Usiniachilie."

Sudi alishika. Alishika kwa nguvu zake zote, mpaka kucha zikapasuka. Akamwita Mungu, akawaita wapita njia, kwa Kifaransa, kwa Kirundi. Mmoja alitoa simu akaanza kupiga picha. Kisha vidole vikafunguka vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kama kwamba kuna mtu anayevifungua kwa subira.

Basi likapita kati yao.

Lilipoondoka, Numbi hakuwapo.

Polisi waliandika maelezo. Wakasema mtu mzima ana haki ya kuondoka kwake bila kuaga. Gracieuse alingoja, akachoka kungoja, akamwomba Sudi ampeleke kule. Sudi alikataa. Akarudia kumwomba. Siku aliposema atakwenda peke yake, Sudi akaazima gari.

Walifika mchana. Kijia kilikuwa cha kawaida kabisa, na hata gari moja moja la wageni lilipita. Gracieuse alitembea akitazama mitaroni, akichungulia kwenye matundu ya ua. Sudi alimfuata nyuma akimhimiza warudi mapema. Aliomba kama mtu anavyoomba mvua isinyeshe. Jua likainama, na Gracieuse alikuwa bado anatafuta.

Magari yakaacha kupita.

Ndege wakanyamaza.

"Gracia..."

Hiyo haikuwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya Numbi, karibu kabisa, nyuma ya majani, na jina lile alikuwa akimwita yeye peke yake, nyumbani. Sudi aliona kifua cha Gracieuse kikijaa pumzi. Akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

"Gracia, niitikie... Niko na baridi."

Gracieuse alipigana. Alimng'ata Sudi mpaka damu ikamtiririka kwenye kifundo cha mkono, na macho yake, karibu sana na ya Sudi, yalikuwa yakimsihi. Sudi hakuachilia. Safari hii vidole vilimtii.

"Mara moja tu, Gracia. Mara moja tu, nami nitoke."

Sauti ilisihi mpaka ikakauka. Ikaanza kulia, kilio cha mwanamume anayejaribu asisikike. Sudi alikijua kilio kile. Alikuwa amekisikia Porte de Namur. Naye alikuwa akilia, na kiganja hakukiondoa. Mwishowe majani yakatulia. Mbali, kwenye barabara kubwa, lori likapiga honi.

Walipofika Laeken, Gracieuse alifungua mlango wa gari, akakaa mguu mmoja nje.

"Na kama ilikuwa ni yeye, Papa Sudi?" aliuliza.

Sudi alikitazama kiganja chake kilichong'atwa. Gracieuse akashuka.

Tangu hapo hajamsemesha. Jirani yake anasema kila Magharibi, hata theluji ikianguka, Gracieuse hufungua dirisha na kusimama. Kwa hiyo saa hiyo Sudi humpigia simu, ili sikio lake lishughulike na kitu kingine. Gracieuse hupokea. Hasemi neno, ila hakati. Sudi humsikia akipumua, na nyuma yake mtaa unanyamaza polepole.

Angetaka kumsemesha. Lakini saa hiyo naye ni mwitaji asiyeonekana, na hathubutu kumwita jina.